Maji Yaliyokataa Povu

Panda, Likasi
Jumapili, tarehe 16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Bibiane,

Salamu nyingi kutoka hapa Panda, kwako na kwa nyumba yako yote. Goti la kushoto linasemaje? Natumaini baridi ya huko Namur imeanza kulihurumia. Na mjukuu wetu Elikia, amemaliza mitihani yake? Mwambie babu yake wa Likasi anamwombea kila siku, ila asinitumie tena picha ya zile nywele za kijani. Nilifikiri simu yangu imeharibika.

Mimi ni mzima wa mwili. Kile kikohozi nilichokuambia wakati wa Noeli kimeondoka chenyewe, bila dawa, nadhani kilichoka kukaa na mimi. Mvua bado inanyesha. Mahindi ya jirani yamesimama vizuri na kunguru wameshayaona.

Utashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Abbé wetu, padri wa parokia, anakuja huko Ubelgiji kwa masomo ya miezi mitatu, nikamwomba aibebe barua hii katika mzigo wake. Kwa simu mtandao unakatika kila nikikaribia neno lenyewe, na wewe unaanza "Allô? Allô? Yaya, kaka, uko?" mpaka nasahau nilikuwa wapi. Tena mambo haya ninaona aibu kuyasema kwa mdomo. Kwa kalamu nitajaribu.

Nyumba iko palepale. Mke wangu Clotilde atatimiza miaka minne kaburini mwezi wa sita. Mwanangu Samy bado yuko Kolwezi na malori yake. Anapiga simu Noeli na Pasaka, na katikati yake akiniota vibaya. Mimi napika mwenyewe. Bado sijajifunza kusonga bukari ya mtu mmoja: kila siku inabaki nusu, kila siku najilaumu, na kesho yake natia unga uleule.

Sasa nikuingize kwenye habari. Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa nane, nilivyokupigia kwa furaha kukuambia kwamba wamechimba forage katika lupango langu, uani pale pembeni mwa jikoni, kisima kirefu chenye pampu ya mkono? Ukanicheka kwamba nimekuwa mfalme wa maji. Bomba la barabara yetu lilikuwa limekauka miaka sita. Akina mama walikuwa wakiteremka mpaka chini kabisa, karibu na parokia, ambako bomba la zamani linaloleta maji ya mto bado lina nguvu kidogo. Basi shirika moja likaja na mashine yake, likatafuta mahali pa kuchimba, na mimi nikatoa pembe ya lupango bila kuomba chochote. Abbé alinitaja kanisani. Watu walinishika mkono mlangoni.

Nitakuambia wewe kile ambacho wakati ule sikumwambia mtu. Sikuitoa pembe ile kwa wema. Tangu Clotilde aondoke, kimya cha hapa kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilikuwa namsikia mtu akikohoa nyumba ya tatu, na nilifurahi akikohoa. Nilijua kwamba penye maji akina mama watakuja, watacheka, watagombana, na mmoja wao ataniuliza, "Baba Ruphin, ulilala muzuri?" Nilitaka kuulizwa kama nililala vizuri. Ni hilo tu.

Wewe uliolewa ukaondoka kabla sijaingia maabara ya kiwanda, kwa hiyo hukuijua vizuri kazi yangu. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa napima maji ya chaudière, yale matanki makubwa ya kuchemsha maji mpaka yawe mvuke wa kuendesha mitambo. Maji magumu, yaliyojaa chokaa ya mawe ya chini, yanaacha ukoko mweupe ndani ya mabomba. Ukoko ukizidi, bomba linapasuka. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa natia maji katika chupa ndogo yenye mistari, nadondosha sabuni ya kupimia tone kwa tone, natikisa, nalaza chupa, nangoja. Povu likisimama haraka, maji ni laini. Likikataa, tunayatengeneza kwanza. Nilipostaafu walinipa cheti na saa ya ukutani. Saa ilikufa mwaka uleule. Chupa niliichukua mwenyewe bila kumwuliza mtu, na bado ninayo.

Siku mbili kabla ya kufungua forage, mafundi wakiwa wamekwenda kula, niliteka maji ya kwanza nikayapima. Matone kumi, hakuna. Ishirini, hakuna. Nilifika arobaini na juu kulielea uchafu mweupe tu, kama maziwa yaliyokatika. Maji yale, mdogo wangu, kiwandani ningeyakataa kabla ya kumaliza chai yangu.

Nikapiga hesabu. Nikisema, watang'oa pampu yao, watapakia gari, watakwenda kutafuta mahali pengine, na mimi nitabaki na shimo. Nikajiambia kwamba maji magumu hayaui mtu. Na ni kweli, hayaui. Nikaisafisha chupa nikairudisha kabatini.

Siku ya kufungua, mkubwa mmoja kutoka mjini alikunywa glasi ya kwanza mbele ya watu wote, kama wanavyofanya siku zote, akasema maji ni matamu. Na yalikuwa matamu, tena baridi. Maji ya mawe yana ladha nzuri. Watu wakapiga makofi. Kisha ikaja karatasi ya kupokea. Vidudu, hakuna. Sumu, hakuna. Ugumu uliandikwa ukurasa wa tatu, namba tupu kwa herufi ndogo, bila neno la kueleza. Chini kabisa paliandikwa kwamba kamati inayapokea maji haya kwa jina la wakaaji na itayasimamia. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Nikatia sahihi kwa ule mwandiko wangu unaousifu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, siwezi kukudanganya. Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshanawa, nimevaa shati, niko kwenye benchi. Bidon za maji zilijipanga kutoka pampu mpaka barabarani. Nilijua mtoto wa nani ameota jino, nani amekosana na kwaya, nani anasubiri barua ya kazi Kakanda. Walinifanya hakimu wa foleni. Nilikuwa hakimu mbaya, nilipendelea waliokuwa na hadithi ndefu.

Kati yao alikuwapo Julie, mke wa Rolly. Ni mama wa kazi, anapika maharagi na kuyauza mchana kwenye lango la karakana, na watu walikuwa wakiacha chakula cha nyumbani kwa ajili ya sufuria yake. Na alikuwapo Hadassa, mdogo wake Rolly, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mume wake alifukiwa na udongo katika shimo la wachimbaji upande wa Kakanda, hawakupata mtoto, na ukoo wa mume ukamwambia hana tena kazi pale. Rolly akamchukua. Alifika Panda wiki ileile tuliyofungua forage. Hilo ulishike, kwa sababu ndilo lililomharibia.

Hadassa alikuwa anakuja wa kwanza kila asubuhi. Kazi yake nyumbani ilikuwa kuchambua maharagi, kuyaosha na kuyabandika. Hakuwa na maneno mengi, lakini kabla ya kujaza bidon zake alikuwa anajaza ndoo yangu kwanza na kuiweka mlangoni. Sikumwomba hata siku moja.

Wiki ya pili Julie alianza kulalamika. "Baba Ruphin, aya maharagi iko na kintu. Tangu asubuyi iko pa moto, na bado iko nguvu, haiivi." Akabadilisha maharagi, akanunua ya Kasenga. Yakawa vilevile. Mfuko wa makala, makaa ya jikoni, uliokuwa unamtosha wiki ukawa unakwisha kwa siku nne. Wateja walianza kutafuna kwa sauti, kisha wakaanza kwenda kwa mwingine. Maji magumu ndivyo yanavyofanya, Bibiane: yanaifunga ngozi ya haragi lisiive. Wanawake wengine walisema sabuni ya siku hizi haina povu, walaumiwe wenye duka. Niliwasikia wakilaumu duka nikiwa nimekaa mita tatu kutoka kwenye pampu.

Mwezi wa kumi na moja, Hadassa alikwenda Kakanda kuchukua nguo zake zilizobaki kwa wakwe. Alfajiri ya siku hiyo ikanyesha mvua kubwa. Mapipa ya Julie yakajaa, na yeye hakuona sababu ya kuja kupanga foleni, akapikia maji ya mvua. Maharagi yakaiva kabla ya saa nne, laini, yenye mchuzi mzito. Alikuja kwangu mbio akiwa na sahani, akanionjesha, macho yametoka. "Unaona, baba? Mulamu wangu hayuko, maharagi inaiva. Njo mukono yake! Ni yeye anaifunga!"

Nilikuwa na haragi mdomoni. Nilijua kila kitu, nililimeza, nikasema, "Ni matamu, mama." Hayo tu.

Tangu hapo mambo yalikwenda haraka. Julie na Rolly ni wa kanisa la Mchungaji Théodore, mtu mwema, sina neno naye. Alifunga siku tatu pamoja nao na kuombea sufuria. Siku za mvua maharagi yaliiva, siku za jua yalikataa, nao wakaona ni Hadassa anaachilia na kukamata anavyotaka. Walimkataza kugusa maharagi. Yakaendelea kukataa. Wakasema basi ni macho yake. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili Rolly mwenyewe, kaka yake wa tumbo moja, alimbebea mzigo mpaka stendi akamrudisha Kakanda, kwa wale wakwe wasiomtaka. Walipita mbele ya lupango langu. Hadassa alinisalimu, "Bakia muzuri, baba." Nikamjibu aende salama.

Nilipata watu sita asubuhi ile kwenye benchi, wanaongea juu ya uchawi wa kufunga sufuria, na kwa mara ya kwanza nilitamani waondoke.

Noeli niliyoipitisha sikuelezi. Baada ya mwaka mpya nikajiambia: usiseme kwanza, tafuta mwenye maji haya, ayatengeneze kimyakimya, watu waendelee kuja, Hadassa arudi. Unaona nilivyokuwa bado nataka kula pande zote mbili. Nilivaa koti la harusi ya Samy nikaenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, Étienne. Akasema forage si ya quartier, niende ofisi ya commune. Commune wakasema maji ni ya wakubwa wa maji wa serikali. Kule nilikaa kwenye kiti cha plastiki asubuhi mbili, na siku ya tatu kijana mmoja mwenye tai akanipokea.

Akaniuliza, "Papa, ile mayi inaua bantu?"

"Hapana."

"Inaumisha tumbo?"

"Hapana. Inakataa povu. Inakataa kuivisha maharagi."

Akanitazama kwa huruma. "Papa yangu, sheria ya povu hakuna." Kisha akaeleza, kwa adabu kabisa, kwamba forage ilichimbwa na shirika, wao hawakuichimba. Nikaliandikia shirika. Walikuwa wameshahama, lakini walijibu kwa simu, wakanitumia picha ya karatasi ile ya kupokea: maji ni mali na jukumu la kamati. Nikarudi kwa Étienne na picha ile. Akaikuza kwa vidole viwili, akanigeuzia simu.

"Baba Ruphin, iyi signature njo ya weye."

Nilizunguka mji wiki tatu kutafuta anayehusika na maji yale, na mwisho wake nikaonyeshwa jina langu. Usifikiri nasema kosa ni langu peke yangu, hapana, hasira hiyo bado ninayo. Aliyepima aliandika namba akaona amemaliza. Mwenye muhuri aliupiga bila kusoma ukurasa wa tatu. Wote wanauliza kama maji yanaua, hakuna anayeuliza yanakula makala ya nani. Kiwandani walimlipa mtu miaka ishirini na saba ili bomba la chuma lisipate ukoko, na kwa sufuria za Panda nzima hawajaweka mtu hata wa nusu siku. Ulinisomea siku moja karatasi ya maji ya huko kwenu, kwamba wanakuandikia ugumu wake kwa digrii na kukueleza utie sabuni kiasi gani. Nilicheka, nikasema wazungu wanapima hata upepo. Sasa sicheki.

Lakini wale wote hawakumjua Hadassa. Mimi nilimjua, na ndoo yangu ilikuwa mlangoni.

Nikamwomba Étienne aite mkutano. Ulikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa pili, katika uwanja wa shule. Nilimwomba Julie aje mapema na sufuria mbili zinazofanana, majiko mawili ya mbabula, makala ya mfuko mmoja, na maharagi ayachambue mwenyewe, mtu mwingine asiyaguse. Sufuria moja tuliijaza maji ya mvua, nyingine maji ya forage. Watu walikuja kwa wingi, wakidhani ni maombi. Mchungaji Théodore alikaa mbele.

Kufika saa tano Julie alifunua sufuria ya kwanza, akachukua haragi, likapondeka kati ya vidole vyake. Akafunua ya pili. Akaminya. Akachukua jingine akaminya. Lilimponyoka likaanguka chini, zima. Alilitazama pale chini, akakaa juu ya udongo na kitenge chake kizuri, mbele ya watu wote.

Nikatoa chupa yangu nikawaonyesha povu pia, lakini hakuna aliyeitazama chupa. Nikasema, "Ni mayi. Hadassa hakufunga kintu. Ni mayi, tangu siku ya kwanza."

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Na weye, baba, ulijua tangu siku gani?"

Ningeweza kusema nilijua juzi. Hakuna ambaye angebisha. "Siku mbili mbele ya kufungua," nikasema.

Hawakupiga kelele, Bibiane. Ningependa wangepiga kelele. Mchungaji Théodore alisimama, akavua kofia, akasema, "Minye niliomba Mungu aondoshe kintu yenye haikukuwako." Akaketi. Rolly aliondoka uwanjani bila kumtazama mtu, na jioni ileile nikasikia amepanda gari la Kakanda.

Tangu siku ile mambo ya maji yamekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Étienne na wanawake arobaini walikwenda kukaa mlangoni kwa wale wa serikali, na Julie alibeba sufuria yake ya pili kama alivyoiacha. Kijana wa tai alipoiona hakusema tena habari za sheria. Wamefungua bomba jipya shuleni, kwenye ule mstari wa zamani wa maji ya mto. Nimelipima: matone nane, povu limesimama. Na kwenye karatasi mpya niliwashikilia mpaka wakaandika nani atapima kila mwezi na matokeo yatabandikwa ukutani, yenye maelezo ambayo mama yeyote anaweza kusoma. Mwenyekiti sasa ni Julie. Mimi nilijiuzulu, na hakuna aliyenibembeleza.

Kwangu pampu imefungwa mnyororo. Inafunguliwa tu kwa wanaofyatua matofali. Bado naamka saa ileile, mwili haujaambiwa. Nanawa, navaa shati, nakaa. Kwa sababu nami nahitaji maji, saa mbili nachukua bidon yangu naenda shuleni. Foleni pale ni ndefu, wanacheka, nawasikia kutoka mbali. Nikifika wananyamaza kidogo, wanafungua njia, wanasema, "Pita mbele, baba." Ni heshima ya mzee, wala siwezi kuikataa. Bidon yangu inajaa kwa dakika mbili na mtu ananitwisha. Nikigeuka kona nawasikia wanaanza tena kucheka.

Nisalimie Alphonse mumeo, mwambie ule mguu wa meza aliotengeneza mwaka 2009 bado unasimama na bado umepinda. Wasalimie watoto wote kwa majina yao. Albertine, yule rafiki yako wa kwaya, anakusalimu sana, ameoza meno mawili na hataki ujue. Samy naye, kama angejua nakuandikia, angekusalimu.

Nilikuwa nimefikiri kumalizia hapo, nimetafuta hata bahasha. Lakini jana Hadassa alikuja, na nisipoliandika hilo barua nzima itakuwa ya uongo.

Rolly alimkuta Kakanda akilala jikoni kwa wakwe. Amerudi naye, lakini Hadassa amekataa kuingia tena nyumba ya Julie, amepanga chumba kimoja karibu na parokia na anafua nguo za watu. Amekonda. Alisimama langoni, nikamkaribisha kwenye benchi, hakukaa. Nikamwomba msamaha. Akaniachia nikamaliza. Kisha akauliza, "Baba, juu ya nini ulinyamaza?"

Kwenye mkutano watu walijijibia wenyewe kwamba nilinyamaza kwa sababu quartier ilikuwa na kiu, na mimi nikawaacha waamini. Yeye nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba nyumba ilikuwa kimya, kwamba nilitaka watu waje.

Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinivunja zaidi. Akasema, "Ulipata bantu, baba. Minye nilipoteza bantu ba kwetu."

Akaniaga vizuri, kwa adabu yake ileile, akaondoka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Mungu akulinde, alilinde goti lako na kila anayekula mezani kwako. Ukinijibu, niandikie habari za Elikia, za baridi, za Alphonse na meza zake, niandikie chochote, hata kurasa kumi, nitazisoma zote mara mbili. Lakini usiniandikie kwamba nilifanya vizuri kusema. Abbé ameshaniambia hivyo, na Étienne pia, na katika nyumba zao hakuna mtu aliyebebewa mzigo mpaka stendi.

Mimi kaka yako ninayekupenda tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,

Yaya Ruphin